"Hili ni Letu," Lakini Je, Tunalijua?



Mwaka jana, siku ya wazazi, mwanafunzi wetu mmoja alisoma hotuba juu ya wanavyuoni wa Kiislamu na elimu ya hesabu. Aliposema kwamba kanuni ambayo Wazungu wanaiita ya Wilson ni yetu sisi, hadhara nzima iliitikia takbira. Kisha mzee mmoja, fundi seremala, akanyoosha mkono: "Mwanangu, hiyo saba nimeisikia. Je, tisa nayo inakubali?" Kijana akanitazama mimi. Nami nikatazama mkeka, maana hotuba ile niliiandika mimi, na jibu sikuwa nalo.

Tatizo lenyewe ni hili. Tafuta namba ambayo ukiigawa kwa 2, 3, 4, 5 au 6 inabaki 1, lakini ukiigawa kwa 7 haibaki kitu. Abu Ali al-Hasan Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufariki Kairo mnamo 1040, alilishughulikia. Njia yake moja ni kuzidisha 1×2×3×4×5×6, ukapata 720, kisha ukaongeza 1. Siku hizi zao la namna hiyo huitwa faktoria, na huandikwa 6! kwa alama ya mshangao. Jibu ni 721, nayo ni 7×103. Akaeleza pia kwamba majibu ni mengi, na akatoa njia ya kuyapata.

Uingereza, Edward Waring aliitangaza kanuni hiyo mwaka 1770 kwa jina la mwanafunzi wake John Wilson, na uthibitisho wa kwanza unaojulikana ni wa Lagrange, mwaka 1771. Basi ni kweli mwenzetu alitangulia kwa zaidi ya miaka 700. Lakini mimi na wewe tuna nini hapo? Mtu anayejisifu kwa shamba la babu yake na jembe hajui kulishika, majirani humcheka, na wana haki.

Tushike jembe basi. Kwa nini 6! ukiigawa kwa 7 inabaki 6? Ziweke namba katika jozi. 2×4 ni 8, ukigawa kwa 7 inabaki 1. 3×5 ni 15, inabaki 1 pia. Imebaki 1 yenyewe, na 6 ambayo haina mwenzi. Unapotafuta baki la zao, unaweza kuzidisha mabaki peke yake: 1×1×1×6, ni 6. Ongeza 1, unapata 7, na hesabu imekwisha bila hata kuijua 720.

Sasa swali la fundi. Kuanzia 1 hadi 8 zimo 3 na 6, na 3×6 ni 18. Kwa hiyo 8!, yaani 40320, inagawanyika kwa 9 sawasawa. Ukiongeza 1 inabaki 1. Tisa imekataa, kwa sababu si namba tasa. Kila namba tasa hukubali, na isiyo tasa, ukiiondoa 1, hukataa. Siri yote ya kanuni ilikuwa ndani ya swali lile la mzee, nami katika hotuba sikuitaja hata kidogo.

Wako wanaosema hesabu ni za shuleni, chuoni tuhifadhi. Kuhifadhi ni njia yetu na siidharau. Lakini mwenye kuhifadhi mafungu ya mirathi na asijue kutafuta kigawe kidogo cha shirika, atawagawiaje watu? Marehemu ameacha mke, mama na mtoto wa kiume. Mke ana thumuni, mama ana sudusi. Lazima uipate 24 kwanza: mke 3, mama 4, mtoto 17. Ukikosea hapo umekula haki ya yatima, hata kama fungu ulilisoma kwa tajwidi safi.

Na si lazima kuzidisha yote kama katika 721. Kigawe kidogo cha shirika cha 2 hadi 6 ni 60. Chukua 60, 120, 180, kila moja uongeze 1, ujaribu kwa 7. Ukifika 301 imekubali, na hiyo ndiyo ndogo kuliko zote.

Yule mzee nilimfuata karakanani kwake wiki iliyofuata, nikamwandikia jozi za 7 kwa penseli yake juu ya kipande cha mbao. Akatazama kitambo, akasema, "Basi na kumi na moja itakubali." Tukakaa tukazitafuta pamoja: 2 na 6, 3 na 4, 5 na 9, 7 na 8, na 10 peke yake. Jozi ya 7 na 8 aliiona yeye kabla yangu.

Ya 13 nawaachia ninyi. Mwenye jozi zake aje nazo darasani Jumamosi, na hotuba ya mwaka huu ataiandika mwenyewe.