Kauri za injini: Faida haimo mchangani

Kupanda kwa bei ya itriamu katika masoko ya Ulaya mwaka 2025 kuliwatia tamaa wawekezaji wengi wadogo. Dhana iliyoenea ni kwamba kila kampuni yenye kitalu cha madini adimu imekwisha kuwa tajiri. Hesabu hiyo ina kasoro.

Ndani ya injini za ndege na mitambo ya gesi ya kuzalisha umeme, joto hupita nyuzi 1,500 za Selsiasi, ilhali mapanga ya aloi ya nikeli huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 1,300 hivi. Yanayoyaokoa ni hewa inayopitishwa ndani yake na mpako mwembamba wa kauri juu yake, wenye unene wa kama robo milimita. Kauri hiyo ni zirkonia iliyochanganywa na itria, yaani oksidi ya itriamu, asilimia 7 hadi 8 kwa uzito. Bila itria, zirkonia hubadili umbo kila inapopata joto na kupoa, ikapasuka na kubanduka.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo, lakini hakina mbadala wa haraka, kwani mpako mpya lazima ujaribiwe na kuidhinishwa kabla ya ndege kuruka nao.

Aprili 4, 2025, China, ambayo ndiyo msafishaji mkuu wa madini hayo, ilitangaza kuwa itriamu na madini mengine sita yatauzwa nje kwa kibali tu. Bei nje ya nchi hiyo ikapanda mara nyingi, huku ya ndani ikibaki chini. Bidhaa ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa kibali. Bei iliyopandishwa na kalamu ya ofisini yaweza kushushwa na kalamu hiyo hiyo.

Pwani ya Kenya nayo ina funzo lake. Mgodi wa Kwale, ulioanza kusafirisha shehena mwaka 2014, uliuza zirkoni, madini yanayotoa zirkonia, hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Mchanga uliondoka ukiwa mchanga. Kazi ya kuusafisha, ambayo ndiyo yenye thamani, ilifanyika ng'ambo.

Kwa hiyo mwenye akiba ndogo aulize maswali matatu kabla ya kununua hisa. Je, mwamba wa kampuni hiyo una itriamu ya kutosha, au una madini adimu mepesi kama neodimiamu tu? Nani atayasafisha, na kwa kibali cha serikali ipi? Mnunuzi amekwisha kutia saini mkataba, au anatajwa tu katika kipeperushi?

Karakana zinazopaka mapanga upya wakati wa matengenezo makubwa zina kazi hata bei ya madini ishuke. Mwenye kitalu kisicho na kiwanda wala mteja ana ahadi tu, na asiyepata majibu ya maswali hayo afadhali aache fedha zake benki.