Jangwa Limeota, Barabara Bado

Sisi wa Batinah, pwani ya Oman, hatuhesabu miaka kama watu wengine. Ukiuliza mtoto kazaliwa lini, utajibiwa: kabla ya Gonu, au mwaka wa Shaheen. Gonu ni kimbunga cha 2007. Shaheen ni kimbunga cha Oktoba 2021, na mji wetu wa Khaburah ulimwagiwa mvua ya zaidi ya milimita 300 kwa mkupuo mmoja, sisi ambao mwaka mzima tukipata mia tunasema Alhamdulillah. Waliotutoka, Mungu awarehemu. Tuliobaki tulikokoa tope majumbani, tukaanika magodoro ukutani, tukawapikia wali vijana waliotoka mikoa mingine kuja kutusaidia. Hayo hatuyanung'unikii. Tunanung'unikia barabara.

Wadi, lile bonde kavu la mto, likishuka na maji halina adabu. Linakunja lami kama mkeka, linaacha ukingo unaning'inia, na zile nguzo nyekundu na nyeupe za kupimia kina cha maji zinabaki zimesimama pakavu, zinapima vumbi. Basi ukawekwa mchepuko wa muda. Muda gani, hatukuambiwa. Unapita taratibu, gari linalia kila nati, bibi kiti cha nyuma anasoma Ayatul Kursi, mafuta ya kupikia yameshamwagikia mkate, na fundi wa gereji akikuona kwa mbali anatabasamu, maana ameshajua: shokapu za mbele. Vibao vya namba tuliviokota wadini kama makombe. Jirani yetu alipata vitatu, chake hakimo.

Lakini jangwa, yakhe! Jangwa halikungoja mkandarasi. Wiki chache tu, kule nyuma kuelekea milima ya Hajar, palipokuwa changarawe tupu pakaota majani mororo, migunga ikavaa, mikunazi ikang'aa, ngamia wakanenepa mpaka wakaingiwa na kiburi. Ijumaa kila nyumba ikabeba mkeka na birika la kahawa kwenda kutazama kijani. Tukakutana sote kwenye mchepuko. Kahawa tulinywea garini.

Lakini anayefaidi zaidi kijani cha namna hii ni nzige, na tulishaliona hilo kabla ya Shaheen. Mei 2018, kimbunga Mekunu kililijaza jangwa la Rub al-Khali maji, majani yakaota, nzige wakazaana mahali pasipofika mtu. Oktoba kikaja Luban, kikawaongezea. Wajukuu zao wakapita Yemen, wakavuka Pembe ya Afrika, na mwisho wa 2019 wakaingia Kenya. Ndugu zetu wa huko wakapiga simu: hawa ni wenu? Tukakubali, ni wetu. Nzige wa Arabuni kafika Kenya bila mchepuko hata mmoja, na sisi kwenda Rustaq tu hapo, tunaagana kama mahujaji.

Shimo la mbele ya msikiti nalo limeota majani. Mbuzi wa jirani analala humo mchana kutwa. Tunampisha.