Kole ya haraka inaua aparei za foto za wazee

Kwa nyumba nyingi za Bukavu, chini ya kitanda ao juu ya kabati, kungali aparei ya filme yenye muzee alikuwa anapigia foto siku ya ndoa na siku ya ubatizo. Sasa vijana wanazitoa na kuzipanguza mavumbi. Mara nyingi jambo la kwanza wanakuta ni hili: kadirisha ka kuchungulia, vizeri, kanatikisika sawa jino la mutoto.

Mwanafunzi mumoja wa Kadutu alipeleka Olympus Trip 35 ya babu yake kwa fundi wa telefone. Fundi hakufungua kitu. Alidondosha matone mbili ya kole ya kukauka haraka, ile ya katubu kadogo, akafinya, akalipwa. Kesho yake kioo kilikuwa cheupe sawa mutu amekipulizia pumzi, na kitambaa hakikutoa ule weupe. Hapana uchawi. Kole hiyo ikikauka inatoa mvuke, na mvuke unaganda juu ya kioo cha karibu. Ndani ya aparei, pahali hewa haizunguki, ni mubaya zaidi.

Kuko wenye kusema: ni kadirisha tu, foto inapitia lensi. Ni kweli, kwa aparei ya namna hiyo mwangaza wa foto haupitie kwenye vizeri. Lakini mwenye kupiga haoni kitu kingine. Vizeri ikiinama, kichwa cha bibi kinakatika, na hakuna mutu atajua mupaka filme isafishwe. Telefone inafuta na kurudilia. Filme inatoa foto 36, wakati mwingine 24, na bibi hataikala kwenye ile kiti siku zote.

Tena kazi yenyewe haiko nguvu. Trip 35, yenye Japani ilitengeneza mupaka 1984, haina hata batri. Mwangaza unapimwa na zile vipande vya kioo vyenye kuzunguka lensi. Kifuniko cha juu kinashikwa na vise chache, na kwa aparei nyingi za wakati ule moja inajificha chini ya kimpini cha kurudishia filme. Inafaa turnevisi yenye kuingia sawasawa: vise za Japani zina musalaba wao, na turnevisi ya ovyo inakula kichwa mara moja. Kila hatua ipigwe foto na telefone. (Hapo ndipo telefone inasaidia.)

Kisha kole ya zamani, yenye imekauka na kupasuka, inakwanguliwa polepole na kijiti cha meno. Kioo cha ndani kisisuguliwe. Ile mistari myeupe ya kupimia foto inaonekana juu ya utando mwembamba sana wenye kungaa. Mutu akisugua na alkoli, inaondoka na mistari. Na kwa Trip kuko kalimi kekundu kenye kupanda ndani ya vizeri wakati mwangaza ni kidogo. Kole ikimwangika pale, kanakwama.

Kole yenye kufaa iko wapi? Kwa fundi wa viatu. Ile yake ya manjano inabakia laini kidogo na siku ingine inaweza kubanduliwa. Tone dogo kwa kila pembe, kadirisha kanyooshwe, halafu kifuniko kingoje mupaka harufu iishe. Wenye telefone wana turnevisi na mikono, wenye viatu wana kole, na wanaikala barabara moja bila kuulizana kitu.

Wasiseme kwamba kazi hii haiko ya watu wa hapa. Jean Depara alinunua Adox ndogo mu 1950 juu ya ndoa yake, na alipofika Kinshasa aliishi kwa kutengeneza baiskeli na aparei za foto, mbele ya kuwa mupiga foto wa Franco.

Fundi mwenye hajui aseme hajui. Ao aulize mwenye aparei mbele ya kumwanga kole, hiyo hailipishwi. Ile Trip ya Kadutu ingali inapiga. Mwenyeyo anachungulia kwenye weupe na kukisia tu pahali vichwa viko.