Chanjo Haifunguliwi kwa Ng'ombe Mmoja
Shauri kwa wafugaji wadogo juu ya faida ya kuungana

Mfugaji mwenye ng'ombe wawili ana taabu mbili ambazo mwenye ng'ombe mia hanazo. Ya kwanza, vitu anavyohitaji huuzwa kwa wingi kuliko haja yake. Ya pili, alicho nacho cha kuuza ni kichache mno, hata mnunuzi haoni faida ya kumfuata. Taabu hizi hazitokani na uvivu wake, wala haziondoki kwa kuamka mapema zaidi. Huondoka kwa kuungana na jirani zake. Hilo ndilo shauri la karatasi hii. Nakuomba ulisome mpaka mwisho kabla hujalikataa, maana najua ya kuwa wengi wamekwisha kuumwa na vyama.

Habari ya ndigana kali

Kila mfugaji wa Tanzania na Kenya aliyepoteza ndama aujua ugonjwa huu. Ndama aliyekuwa akiruka jana, leo asimama peke yake. Matezi ya chini ya sikio yamevimba, mwili una homa kali, pumzi zaenda mbio. Baada ya siku chache povu latoka puani, naye afa. Ugonjwa huu huletwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa masikioni. Ng'ombe wa kigeni wa maziwa na machotara wao hufa kwa urahisi kuliko ng'ombe wa asili. Kwa hiyo ndigana kali humpiga hasa yule aliyejitahidi kupata ng'ombe bora.

Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Muguga, karibu na Nairobi, walipata njia ya kuwakinga ng'ombe. Mnyama hudungwa vijidudu hai vya ugonjwa wenyewe, na wakati uo huo hudungwa dawa ya kuvizuia visimzidi nguvu. Kwa kawaida hupata kinga ya miaka mingi, mara nyingi ya maisha yake yote. Chanjo hii imetumika sana katika nchi za Wamasai upande wa Tanzania, tena imetumika kwa ng'ombe wa maziwa.

Mbona, basi, ndama wangali wakifa? Sababu zipo kadha wa kadha, nayo bei ni mojawapo. Lakini iko nyingine isiyosemwa mara nyingi. Chanjo hii huwekwa katika mtungi wa naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Hutiwa katika vijibomba vyembamba, na kijibomba kimoja huweza kutosha ng'ombe 30 hadi 40. Kikishayeyushwa hapana budi kitumike katika saa chache. Hakirudishwi tena mtungini. Sasa fikiri wewe mwenyewe. Mtaalamu atakubalije kukifungua kwa ajili ya ndama wako mmoja? Na akikubali, ni nani atakayelipa kwa ajili ya ndama 39 wasiokuwapo?

Lakini nyumba 20 zenye ndama wawili wawili zina ndama 40. Zikipatana siku moja na mahali pamoja, kijibomba chatumika chote, na gharama ya safari ya mtaalamu yagawanywa kwa nyumba 20. Ndama ni wale wale, na chanjo ni ile ile. Kilichoongezeka ni mapatano tu. (Kumbuka pia ya kuwa chanjo hii hukinga ndigana kali peke yake. Ndigana baridi na mkojo mwekundu huletwa na kupe vilevile; kwa hiyo usiache kuogesha.)

Kuku nao ni vivyo hivyo

Mwenye kuku kumi aweza kusema kwamba habari za ng'ombe hazimhusu. Naye amwangalie adui yake, yaani mdondo, ambao wengine huuita kideri. Mdondo huweza kufagia kuku wa kijiji kizima katika juma moja au mawili. Chanjo yake ipo: tone moja jichoni, tena lirudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne. Iko aina istahimiliyo joto kuliko zile za zamani, nayo yafaa sana kwa vijiji visivyo na barafu. Lakini chupa yake ndogo ina matone ya kuku wengi, kupita kuku wa nyumba moja. Mwenye kuku kumi akiinunua peke yake, nyingi yamwagwa. Asipoinunua, wafa kuku wote. Nyumba zote za kitongoji zikichangia chupa moja, gharama kwa kila kuku huwa ndogo sana. Tena kuku wa jirani yako wakikingwa, hata wako wamo katika salama zaidi, kwa kuwa mdondo hutoka ua mmoja ukaingia wa pili.

Katika kuuza

Sasa tazama upande wa soko. Maziwa ya jioni hayangoji. Yasipopozwa, asubuhi yameanza kuchacha, na mchuuzi ajua hivyo. Kwa hiyo bei huitaja yeye. Mashine ya kupoza maziwa si kitu cha mtu mwenye lita nane. Lakini watu mia wenye lita nane wana lita mia nane, na mwenye lita mia nane huenda kuzungumza na kiwanda, wala hangoji mtu wa baiskeli apite.

Walowezi wa Kenya waliijua siri hii zamani. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha maziwa, wakauza kwa sauti moja. Kwa miaka mingi mfugaji mdogo Mwafrika hakuwa na nafasi humo. Alipopata nafasi ya kujiunga na wenzake, aliyafanya yale yale. Chama cha Githunguri, katika nchi ya Kiambu, kilianza mwaka 1961 kwa wafugaji wachache, na mwaka 2004 kikawa na kiwanda chake chenyewe. Huko Tanga vyama vidogo vya wafugaji wa maziwa viliungana katika miaka ya 1990, vikashirikiana na wakulima wa Uholanzi, na kiwanda kikasimama. Wafugaji wale hawakuwa matajiri walipoanza. Walikuwa watu wa ng'ombe mmoja, wawili, watatu.

Wasemao kwamba vyama huliwa

Wapo wasemao, "Tumeona vyama vingi. Huanza kwa ngoma, na mwisho viongozi huvila." Mimi siwapingi. Tanzania yenyewe yajua. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika kwa amri, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Wakulima hawakuulizwa sana katika lile la kwanza. Tena wapo viongozi waliokula fedha za watu, nao hawakuwa wachache. Lakini mtu aliyeumwa na nyoka kisimani haachi kunywa maji. Hufyeka majani ya kando ya kisima. Nami naona ya kuwa majani ya kufyekwa ni manne.

Kwanza, msiunde chama kwa ajili ya kungoja msaada. Chama kilichoitwa na tetesi ya fedha hufa siku tetesi ikikoma. Kiundeni kwa ajili ya kazi moja mwijuayo: chanjo ya mwezi ujao, josho lililoharibika, au upimaji wa maziwa. Kazi hiyo ikifanikiwa, ongezeni ya pili. Hata ule mpango mwema wa kukopa ng'ombe na kulipa ng'ombe, ambao umepandisha nyumba nyingi, hudumu tu mahali ambapo jirani wafuatana na kukumbushana ya kuwa mtamba wa kwanza ni wa mwenzao.

Pili, hesabu zisomwe mbele ya wote kila mkutano, tena kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma asikie. Chama kisimwamini mtu mmoja, kwa kuwa mtu mwema aweza kuwa na shida ya kesho. Anayepokea fedha asiwe yule yule anayeandika daftari.

Tatu, maziwa yapimwe yote, ya mwenyekiti kabla ya ya mjane. Mtu mmoja akitia maji katika mkebe wake, kiwanda hukataa tangi zima, nao wote walioleta maziwa safi hulipa kwa ajili yake. Kipimo kidogo cha kioo hugharimu kiasi kidogo kuliko tangi moja lililomwagwa. Asiwepo wa kusamehewa kwa ajili ya heshima.

Nne, na hapa wengi hukosa: siku ya malipo iwe siku ya malipo. Wakati wa kiangazi maziwa huwa machache, na mchuuzi hupita akilipa taslimu, pengine kwa bei iliyo juu kuliko ya chama. Mwanachama humwuzia kwa siri, na wenzake humwita msaliti. Kabla hamjamwita hivyo, ulizeni chama kimemlipa lini mara ya mwisho. Chama kinachochelewesha malipo miezi miwili humfundisha mwanachama wake kuuza njiani. Mtoto mgonjwa hangoji mkutano mkuu. Chama kikilipa kwa wakati, ndipo kinapokuwa na haki ya kudai uaminifu.

Neno juu ya wanawake

Yafaa niseme na hili, ijapokuwa litawaudhi wengine. Katika nyumba nyingi akamaye ng'ombe, akataye majani na kusafisha banda ni mama, bali jina lililoandikwa katika daftari la chama ni la baba, na fedha huingia mkononi mwake. Kisha watu hushangaa kwamba maziwa yanapungua. Hapana cha kushangaza. Mkono usioonja malipo huchoka. Aandikwe mwanachama yule afanyaye kazi, apige kura, na fedha za maziwa ayaletayo apokee yeye. Hilo nalihesabu kuwa kanuni ya ufugaji, kama kumnywesha ng'ombe maji.

Kazi ya juma hili

Basi, ndugu mfugaji, usingoje gari la Bwana Mifugo. Juma hili zungukia nyumba kumi zilizo karibu nawe, uulize mambo mawili tu: ndama wangapi hawajachanjwa, na kuku wangapi wapo. Andika. Kisha ongezeni nyumba nyingine mpaka hesabu itoshe kijibomba kimoja au chupa moja. Hapo ndipo mpeleke karatasi yenu kwa Bwana Mifugo, mkamwambie siku na mahali. Yeye naye hupenda kwenda mahali ambapo kazi yake haitamwagwa.

Huenda mkaishia hapo, mkawa mmeokoa ndama wenu. Huenda pia, mkiwa mmesimama pamoja kwenye ua, kila mmoja ameshika kamba ya ndama wake, mmoja akauliza kwa nini maziwa nayo msiyapeleke pamoja. Vyama vilivyodumu vingi vilianza kwa swali kama hilo.