Kwanza daktari, kiwanja baadaye

Simama kwenye uzio wa uwanja wa ndege wa Kiembe Samaki, Unguja, asubuhi, jua halijawa kali. Utamwona kijana mwenye shati jeupe anaizunguka ndege ndogo ya Caravan polepole. Anapapasa pangaboi, anachuruza mafuta kidogo kutoka chini ya bawa hadi kwenye kichupa, kisha anakinyanyua juu kutazama kama yameingia maji. Akimaliza anasaidia kupanga mabegi, maana ndege ile haibebi zaidi ya abiria kumi na wachache na kila kilo ina hesabu yake. Huyo si mpakizi. Ndiye rubani, na kijana wetu anayeutaka urubani akifanikiwa, kazi yake ya kwanza huenda ikawa hiyo, si Dreamliner ya Air Tanzania.

Kila matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka, yupo mtoto Kikwajuni au Mwanakwerekwe anayewaambia wazee wake anataka urubani. Hatuna ugomvi na hamu hiyo. Ugomvi wetu ni na mpangilio. Familia hutafuta skuli Nairobi au Afrika Kusini, huuza kiwanja, hulipa ada, na daktari hukumbukwa mwisho. Mambo yaanze kinyume chake. Rubani wa biashara hafanyi kazi bila cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Hupimwa macho, masikio, moyo, na uwezo wa kutofautisha rangi. Kuvaa miwani pekee hakumkatazi mtu, lakini wapo waliofika ukubwani hawajui kwamba nyekundu na kijani zinawachanganya. Ni heri kulijua hilo kwa gharama ya kipimo kuliko kwa bei ya kiwanja. Na cheti chenyewe hakidumu. Hurudiwa kila mwaka, na umri ukisogea hata mapema zaidi.

Akishapita kwa daktari, ndipo tuhesabu saa. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya rubani binafsi hutaka saa 40 angani. Ya biashara hutaka 200, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika kozi iliyoidhinishwa. Ya juu kabisa, ile ya kapteni wa ndege kubwa, hutaka 1,500. Kutoka Unguja hadi Dar es Salaam ni kama dakika 20. Kijana mwenye saa 200, akiamua kutafuta zilizobaki kwa safari hiyo peke yake, atauvuka mkondo huu mara 3,900. Mzazi anayedhani mwanawe akirudi na leseni atavalishwa mistari minne begani, aipitie tena hesabu hiyo.

Ada ni makumi ya maelfu ya dola, na hapo ndipo wajanja hujipenyeza. Kabla ya kulipa, iulizeni TCAA kama inaitambua skuli hiyo. Leseni ya nje haikupi ruhusa ya kurusha ndege yenye usajili wa 5H, ambao ni wa Tanzania, mpaka TCAA iikubali. Lipeni kwa hatua, msitoe ada yote kwa mkupuo. Skuli inayokataa hilo muitilie shaka. Hisabati, fizikia na Kiingereza visiachwe kando: rubani hupimwa Kiingereza chake, ingawa lafudhi ya Kiunguja haimzuii mtu, mradi mwongoza ndege amwelewe. Aliyekwamishwa na daktari aulizie ufundi wa ndege. Bila saini ya fundi, ndege iliyofanyiwa matengenezo hairuki.

Serikali nayo ina lake. Imejenga Terminal 3 ya kupokelea wageni hapo Kiembe Samaki. Sasa iwatazame watakaowaleta. Mkopo wa urubani utolewe kwa ngazi: cheti cha afya, leseni binafsi, kisha ya biashara, na anayekwama ngazi moja asibebeshwe deni la ngazi zote.

Gumu zaidi ni ajira ya kwanza. Kampuni hutaka mwenye uzoefu, na uzoefu haupatikani nyumbani. Caravan inaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, ndiyo maana kiti cha kulia, chenye usukani wake, mara nyingine hupewa mtalii anayepiga picha za matumbawe. Tunaziomba kampuni zinazojaza ndege zao kwa wageni wa Nungwi na Paje zikitenge kiti hicho, walau kwa safari chache za wiki, kwa kijana wa hapa mwenye leseni mkononi, azoee njia na redio. Kampuni itapoteza nauli ya mtu mmoja. Serikali ikipunguza kidogo tozo za uwanja kwa safari hizo, hata hasara hiyo haitaonekana.