Malengo ya Dunia Huanzia Jaani

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mnamo tarehe 25 Septemba 2015, mataifa wanachama wa Umoja wa Mataifa yalikutana mjini New York yakapitisha Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, yenye shabaha 169 ndani yake, na muda wa kuyatimiza ukawekwa hadi mwaka 2030. Kenya ilikuwamo. Mgeni huyo amekwisha kaa nasi miaka kadha wa kadha. Je, mwenyeji amepona?

Ukitazama hesabu ya dunia nzima, jawabu halifurahishi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema kwamba, katika zile shabaha zilizoweza kupimwa, asilimia 17 tu ndizo zilizokuwa njiani kutimia. Wengi waliosikia habari hiyo walizilaumu serikali kuu. Lawama hiyo ni nusu ya maneno. Shirika la OECD lilikadiria mwaka 2020 kwamba shabaha 105 kati ya zile 169 haziwezi kufikiwa bila ya serikali za miji na majimbo kushirikishwa barabara. Na sababu yake si siri. Waziri hutia sahihi, lakini hazoi taka. Balozi huhutubia, lakini hafikishi maji Kisauni. Kazi hiyo ni ya mji wenyewe.

KATIBA IMEKWISHA SEMA

Kwetu sisi jambo hili limeandikwa wazi. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi za kuondoa taka, huduma za maji na usafi, zahanati, shule za chekechea, masoko na barabara za kaunti. Kifungu cha 42 kimempa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 43 kimempa haki ya maji safi ya kutosha. Tangu mwaka 2013, lilipoondoka baraza la mji na kuingia serikali ya kaunti, hapana tena wa kusema kwamba funguo zote ziko Nairobi.

Basi natulitazame jiji la Mombasa, lililokuwa na watu 1,208,333 kwa hesabu ya mwaka 2019, na tulipime kwa mambo mawili tu: taka na maji.

JAA HALIFI KWA KUHAMISHWA

Kwa miaka mingi, msafiri aliyekuwa akiingia kisiwani kwa njia ya Makupa alilakiwa na harufu ya Kibarani kabla hajauona mji. Jaa lile lilikuwa ukingoni mwa bahari, na taka zikimomonyokea majini penye mikoko na mazalio ya samaki. Mwaka 2018 jaa likafungwa, kisha udongo ukamwagwa, miti na nyasi zikapandwa. Hilo ni jambo la kusifiwa, na mwenye macho ameliona.

Lakini taka hazikufa siku ile. Zilihamia Mwakirunge, huko Kisauni, mbali na macho ya wapita njia. Na baina ya mlango wa nyumba na Mwakirunge yamezuka majaa madogo yasiyo na idhini ya mtu, vichochoroni na mitaroni. Masika yakifika maji hukosa pa kupita, huingia majumbani, na anayekesha akiyachota kwa ndoo si yule aliyeandika mipango.

Hapa ndipo penye tofauti baina ya lengo na utekelezaji wake. Shabaha ya 11.6 yataka mji upunguze madhara yake kwa mazingira, hasa katika hewa na taka. Shabaha ya 12.5 yataka taka zenyewe zipunguzwe. Serikali ya mji inayoyasoma haya kama maneno itahesabu malori iliyonunua. Inayoyasoma kama kazi itahesabu mambo mengine: katika kila wadi, kati ya zile 30, ni nyumba ngapi zinazozolewa taka, mara ngapi kwa wiki, maganda ya vyakula ni kiasi gani yanayoweza kuwa mbolea, na plastiki ni kiasi gani inayoweza kuuzwa badala ya kutupwa. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 imekwisha agiza taka zitengwe tangu nyumbani. Lakini mama wa nyumba atazitenga vipi, ikiwa lori likifika huzichanganya zote pamoja?

Wala tusidhani kwamba watu wetu hawabadiliki. Mwezi wa Agosti 2017 ilipopigwa marufuku mifuko ya plastiki ya dukani, tuliona amri yenye tarehe na adhabu ilivyoubadili mkono wa mnunuzi. Vikapu vilirudi sokoni. Lililofanya kazi pale halikuwa lengo tupu, bali lengo lililopewa siku na msimamizi.

MAJI YA JIRANI

Ama kwa upande wa maji, mambo ni magumu zaidi, kwani Mombasa haina chemchemi kubwa yake yenyewe. Maji yake hutoka Mzima katika Taita Taveta, Marere na Tiwi katika Kwale, na Baricho kando ya Mto Sabaki katika Kilifi. Hata bwawa la Mwache, ambalo mradi wake umekusudiwa kuliongezea jiji maji, liko Kwale. Kwa hivyo lengo la sita, ambalo ni la maji na usafi, haliwezi kutimizwa na gavana mmoja peke yake. Sharti majirani wakae kitako, wapatane juu ya kiasi na malipo, na wanaoishi karibu na chemchemi nao wanywe kabla bomba halijavuka mpaka. Jumuiya ya Kaunti za Pwani ipo, na sijui kazi iliyo bora kwake kuliko hii.

Huku nyuma, asiye na mfereji hununua mtungi wa lita 20 kwenye mkokoteni. Ukipiga hesabu ya kila lita, maskini huyo hulipa zaidi kuliko tajiri mwenye mfereji uani mwake. Wengine hutegemea visima. Lakini sehemu kubwa ya mji haina mabomba ya maji machafu, na ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe, hupitisha maji. Shimo la choo likichimbwa karibu na kisima, kinachofuata kila mtu anakijua, na wanaokipata kwanza ni watoto wadogo.

Shabaha ya 6.1 yataka maji salama, ya bei nafuu, kwa wote. Mambo hayo matatu huenda pamoja. Karani anayeandika kwamba mtaa fulani una maji kwa kuwa una kisima hakusema uwongo, lakini hakusema kweli.

HISABU YA MUHTASIBU

Kuna wanaodhani kwamba haya ni mambo ya kizungu tuliyoletewa. Wakumbuke kwamba miji ya Kiislamu ya kale ilikuwa na muhtasibu, aliyesimamia mizani, usafi wa masoko na usalama wa njia. Mwanachuoni Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, ameeleza kwamba maji ya mji yakiharibika, au ukuta wake ukibomoka, muhtasibu huamuru utengenezwe kwa fedha za Baitul-mali. Kama hazina ni tupu, wenye uwezo katika mji hutakiwa kuchangia. Utaona basi kwamba ila imetajwa, wa kuulizwa amejulikana, na fungu la fedha limeonyeshwa kabla kazi haijaanza. Na neno hisba lina shina moja na neno letu hisabu.

Hata Lamu, wazee walitia visamaki katika birika za misikiti ili wale viluwiluwi vya mbu. Walikuwa wakilinda afya ya mji kabla lengo hilo halijapewa nambari.

PA KUSHIKIA

Sasa raia ashike wapi? Ashike kwenye makadirio ya fedha. Kila kaunti ina mpango wa miaka mitano, na ule wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Mpango wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya matumizi kabla ya tarehe 30 Aprili. Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 yataka asilimia 30 kwa uchache iwe ya maendeleo. Naye Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti kila miezi mitatu. Lengo la dunia ambalo halimo katika karatasi hizo ni pambo la ukutani.

Lakini karatasi hizo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, na nyingine ni nene kama kamusi. Mvuvi wa Likoni na mchuuzi wa Kongowea huitwa mkutanoni watoe maoni juu ya waraka wasioweza kuusoma, wakaandika majina yao katika orodha ya waliohudhuria, wakarudi makwao. Katiba, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Mji unaotaka watu wake waujenge hauna budi kuwaeleza hisabu kwa lugha yao, kurasa mbili au tatu kwa kila wadi, zibandikwe penye ofisi ya wadi na zisomwe barazani.

Mwaka 2018 jiji la New York lilipeleka ripoti yake lenyewe mbele ya Umoja wa Mataifa, na katika mwaka huo huo Kitakyushu na Toyama, miji ya Japani, ikafanya vivyo hivyo. Ni mwendo mzuri wa kuigwa. Lakini ripoti isomwe Majengo kwanza, ndipo ipelekwe Marekani.

Makadirio yanapotangazwa, natuhudhurie na tuulize maswali matatu. Katika wadi yetu, lengo hili ni kazi gani hasa? Fungu lake ni shilingi ngapi? Na nani atakayesimama mbele yetu mwakani atujibu, ikiwa jaa bado lipo na mfereji bado mkavu?