HERUFI ZILE ZILE, MANENO MENGINE



Chukua neno LIMA. Lina silabi mbili, LI na MA. Sasa anza na MA, umalizie na LI. Umepata MALI. Herufi ni zile zile nne. Hakuna iliyoongezwa, wala hakuna iliyotolewa. Lakini maneno ni mawili, na kila moja lina maana yake. Fanya hivyo kwa neno KATA, utapata TAKA.

Mchezo huu wanaupenda wanakisomo wengi. Unaweza kuchezwa pia kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Mwalimu huandika ubaoni herufi chache zilizochanganywa. Wanakisomo huzipanga mpaka wapate maneno.

Wapo wanaosema huu ni mchezo wa watoto. Wengine husema, Kiswahili kinatutosha, Kiingereza cha nini? Mimi naona mchezo huu unawafaa sana watu wazima. Lakini una sharti moja. Kila neno linalopatikana lijulikane maana yake, na liwe neno ambalo mwanakisomo hukutana nalo katika kazi zake.

Kiswahili ni lugha yetu. Ndiyo tuliyojifunzia kusoma. Hata hivyo, vitu vingi tunavyonunua vina maandishi ya Kiingereza. Tazama kopo la dawa ya wadudu wa shambani. Tazama mfuko wa mbolea, au chupa ya dawa ya mtoto. Vingine vimeandikwa Kiswahili pia, na hapo tusome Kiswahili. Vingine havikuandikwa. Mtu huziona herufi zote, huzitamka zote, lakini hajui zinamwambia nini.

Tuchukue herufi tatu: T, N na O. Zipange upate NOT. Husomwa "noti", lakini si noti ya fedha. Ni neno la kukataza. Sisi tukikataza tunabadilisha mwanzo wa neno. Tunasema kunywa, kisha tunasema usinywe. Kiingereza huweka neno dogo pembeni. DRINK ni kunywa. DO NOT DRINK ni usinywe. Mtu akiijua DRINK na asiijue NOT, atadhani ameambiwa anywe. Kumbe amekatazwa! Neno la herufi tatu linaweza kuokoa maisha ya mtu.

Sasa geuza herufi hizo hizo. Utapata TON. Hiyo ni tani, kipimo cha mizigo mizito. Umeona jinsi maana ilivyohama?

Tuchukue herufi mbili tu: N na O. Ukianza na N unapata NO, yaani hapana. Ukianza na O unapata ON. Kwenye swichi ya mashine, ON maana yake imewashwa. OFF maana yake imezimwa. Fundi wa mashine ya kusaga anataka kurekebisha mkanda. Ni lazima ajue swichi iko wapi kabla hajaingiza mkono.

Tuchukue tena T, E na N. Ukianza na T unapata TEN, yaani kumi. Ukianza na N unapata NET. Neno hili lina maana zaidi ya moja. Mvuvi ataambiwa ni wavu. Mama mwenye mtoto mchanga ataambiwa ni chandarua. Lakini kwenye mfuko wa mbolea, NET ni uzito wa mbolea yenyewe bila mfuko. Mfuko ukiandikwa NET na 50 KG, mbolea iliyomo ndani iwe kilo 50. Ukiupima mbele ya muuzaji na kilo hazifiki, unayo haki ya kuuliza. Mkulima anayelijua neno hilo hanyamazi.

Jambo jingine tulikumbuke. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Kiingereza sivyo. Herufi E, A na T zikipangwa TEA, ni chai, na husomwa "tii". Zikipangwa EAT, ni kula, na husomwa "iiti". Kwa hiyo mwalimu aseme neno kwa sauti, na wanakisomo warudie. Anayekosea asichekwe. Watu wazima wakichekwa huacha darasa.

Sasa niseme jambo nisilolikubali. Yapo mashindano ya wingi wa maneno. Herufi S, T, O na P huandikwa ubaoni. Mmoja anapata STOP, POST, SPOT, POTS na TOPS. Anapigiwa makofi. Akiulizwa maana, hajui hata moja. Mwenzake amepata STOP peke yake, lakini anajua kuwa ni simama, na kwamba kwenye mashine ni kitufe cha kuisimamisha. Kwa maoni yangu, huyu wa pili ndiye mshindi. Tuhesabu maana, tusihesabu maneno matupu.

Hili si wazo geni katika nchi yetu. Mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo katika mikoa ya Ziwa Victoria, kwa msaada wa UNESCO. Vitabu vyake vilihusu pamba, uvuvi, ufugaji na mambo ya nyumbani. Watu walijifunza kusoma kwa maneno ya kazi zao. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisomo kikaenea nchi nzima. Kama Kiswahili tulikisoma kwa njia ya kazi, na Kiingereza kidogo tukisome hivyo hivyo.

Mchezo huu hauhitaji fedha. Kata vipande vya boksi. Andika herufi moja kwenye kila kipande. Kisha kila mwanakisomo anakili katika daftari neno moja fupi aliloliona nyumbani, dukani, zahanati au shambani. Msilete makopo ya dawa za sumu darasani. Yaacheni mahali pake, mlete maneno yake tu. Mwalimu asipolijua neno, amwulize bwana shamba au mganga wa zahanati. Asibahatishe.

Neno moja kwa kila kipindi linatosha. Darasa likikutana mara tatu kwa wiki, kwa wiki kumi litakuwa na maneno 30 yanayoeleweka.

JARIBUNI HAYA DARASANI

1. Pangeni herufi E, N, T. Mmepata maneno gani mawili? Yana maana gani?
2. NO na ON zina tofauti gani? ON huonekana wapi?
3. DO NOT DRINK maana yake nini? Neno la kukataza ni lipi?
4. Nyumbani kwako kuna kitu gani chenye neno NOT? Linakataza nini?